MLINZI WA BAHARI NI NANI?



Wale miongoni mwenu waliosoma habari za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki watakikumbuka kisiwa cha Mafia, kilichoko mkabala wa milango ya mto Rufiji, kusini ya Dar es Salaam. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa hicho kutoka mikononi mwa Wajerumani, wakakifanya kituo cha ndege zao. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo ndege hizo zilielekeza mizinga ya manowari mbili, Severn na Mersey, mpaka ikaangamizwa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha katika vijito vya Rufiji. Wavuvi wa Mafia hawakuulizwa neno katika vita hivyo. Wakubwa wawili walipigana juu ya maji yao, na mshindi akaondoka na ushindi wake.

Katika mwezi wa Oktoba 1991 ulifanyika Mafia mkutano wa namna nyingine kabisa juu ya maji hayo hayo. Maofisa wa serikali ya Tanzania na wataalamu wa viumbe vya bahari walikaa pamoja na wawakilishi wa wenyeji wakajadiliana swali moja: bahari hii italindwaje, na nani atakuwa mlinzi wake?

Swali hilo latuhusu sisi wa Uganda, ingawa nchi yetu haina pwani ya bahari. Tunayo maziwa, na mwaka 2017 askari wa jeshi letu walipewa kazi ya kuyalinda dhidi ya uvuvi haramu. Kwa hiyo yafaa tutazame waliyoyapitia majirani zetu wa Kenya na Tanzania kwa muda wa zaidi ya nusu karne, tujue ni wapi walifaulu, ni wapi walishindwa, na kwa sababu gani.

Kenya ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1968 serikali yake ilitangaza hifadhi za taifa za bahari katika Malindi na Watamu, ambazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo katika bara zima la Afrika. Sababu zilikuwa za kweli. Watalii walikuwa wamezidi, na matumbawe na makombe yalikuwa yakivunjwa na kuuzwa kama mapambo. Sheria ilikuwa wazi: ndani ya hifadhi ya taifa havuliwi samaki hata mmoja, na katika eneo la akiba linaloizunguka huruhusiwa uvuvi wa asili tu. Baadaye zikafuata Kisite na Mpunguti karibu na kisiwa cha Wasini katika miaka ya 1970, Kiunga mwaka 1979, na Mombasa mwaka 1986.

Kwa upande wa samaki, hifadhi hizo zilizaa matunda. Mahali palipolindwa sawasawa samaki waliongezeka, wakakua, na wengine wakavuka mpaka na kuingia katika maji ya wavuvi. Utafiti uliofanywa kandokando ya hifadhi ya Mombasa, na kutangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba madema yaliyotegwa karibu na mpaka yalipata samaki wengi kuliko yale yaliyotegwa mbali. Lakini mistari ya hifadhi hizo za kwanza ilichorwa mezani. Mvuvi ambaye babu yake alivua juu ya mwamba fulani aliamka siku moja akaambiwa kwamba mwamba ule sasa ni wa taifa, na kwamba akionekana hapo atakamatwa. Faida ya samaki waliovuka mpaka ilikuja polepole, na hasara ya mwamba uliofungwa ilikuja siku ile ile.

Tanzania nayo ilitangaza maeneo yake. Mwaka 1975, kwa nguvu za Sheria ya Uvuvi ya 1970, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya jiji la Dar es Salaam, vilifanywa hifadhi za bahari. Tangazo lilichapwa katika gazeti la serikali. Hazikutolewa mashua za doria za kutosha, wala fedha, wala watu. Na wavuvi wa Kunduchi na Msasani, ambao ndio walioyatumia maji hayo kila siku, hawakupewa nafasi katika kupanga jambo lenyewe. Kwa miaka mingi hifadhi hizo zilikuwa karatasi tu.

Wakati huo huo adui alikuwa amekwisha kuingia. Adui huyo ni baruti. Mvuvi wa baruti hutia mlipuko katika chupa au kopo, huwasha utambi, hutupa majini mahali alipoona kundi la samaki, kisha huchota wanaoelea. Wengi katika waliouawa huzama wasiokotwe. Samaki wachanga na mayai huangamia pamoja na wakubwa, na matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, huvunjika yakawa kifusi. Matumbawe hukua polepole mno, na mahali palipopigwa mara nyingi huenda pasipone katika maisha ya mtu mmoja. Mara nyingine chupa humlipukia mtupaji mwenyewe, na pwani hiyo wako watu waliopoteza mikono kwa namna hiyo.

Serikali ilipiga marufuku baruti, lakini marufuku hayakutosha. Askari mmoja katika mashua moja hawezi kuwa kila mahali. Akisikia mlipuko na kuufuata, mhalifu amekwisha kutupa ushahidi baharini. Akimkamata mtu na samaki, ni lazima athibitishe mahakamani kwamba samaki wale waliuawa kwa baruti. Na kama hakuna mwanakijiji aliye tayari kusimama kizimbani kama shahidi, kesi huanguka. Kila polisi anayetusikiliza anajua maana ya jambo hilo.

Mabadiliko makubwa yalianza Tanga mwezi wa Julai 1994. Ulianzishwa mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani katika wilaya za Pangani na Muheza na katika mji wa Tanga, kwa msaada wa serikali ya Ireland na ushauri wa shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN. Mpango huo ulianzia katika vijiji vichache vya majaribio, vikiwamo Kipumbwi, Kigombe na Mwambani. Wataalamu hawakuja na ramani iliyokwisha kuchorwa. Waliwauliza wazee ni samaki gani waliokuwapo zamani na sasa hawapo, na ni miamba ipi iliyokufa. Wanavijiji wenyewe wakaorodhesha matatizo na sababu zake: baruti, nyavu za kukokota, ukataji wa mikoko, na wageni wanaovua bila kuulizwa.

Kisha wakapanga dawa. Kijiji kilichagua mwamba wa kufungwa kwa muda, na mkutano mkuu wa kijiji ukakubali au kukataa. Kilichokubaliwa kiliandikwa kuwa sheria ndogo na kupelekwa wilayani kuthibitishwa, ili kiwe na nguvu mbele ya hakimu. Kwa kuwa mwamba mmoja hutumiwa na vijiji kadhaa, vijiji hivyo viliunganishwa katika eneo moja la usimamizi. Hatimaye yakawa maeneo sita katika pwani yote ya Tanga, yenye majina kama Mtang'ata na Boza-Sange. Muda wa kufunga mwamba ulipokwisha, watu walitazama kama samaki wamerudi, ndipo wakaamua tena.

Ulinzi nao ulipangwa kwa namna hiyo. Doria zilikuwa za pamoja: wanavijiji waliochaguliwa na wenzao, maofisa wa uvuvi, na askari wa majini wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hapa ndipo penye fundisho kwa mtu wa kazi ya silaha. Mwanakijiji alijua mashua ya nani imetoka usiku, na ni fungu gani hupitika maji yakijaa bamvua na gani halipitiki. Askari alikuwa na mamlaka na nguvu ya kumkabili mtu mwenye mlipuko mkononi. Kila mmoja alikuwa amepungukiwa na kile alichokuwa nacho mwenzake. Katika miaka ya 1990 milipuko ilipungua sana katika pwani ya Tanga.

Mafia nayo iliendelea katika njia iliyofunguliwa na mkutano ule wa 1991. Tanzania ilitunga Sheria Namba 29 ya mwaka 1994 juu ya hifadhi na maeneo tengefu ya bahari, na sheria hiyo ikatamka kwamba vijiji vilivyomo katika eneo husika vishirikishwe katika mipango na kanuni zake. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ikiwa ni hifadhi ya kwanza ya taifa ya aina hiyo katika nchi hiyo. Watu hawakuhamishwa, vijiji vilibaki ndani ya hifadhi. Maji yaligawanywa sehemu tatu: sehemu ya kiini ambayo haivuliwi, sehemu ya matumizi maalumu, na sehemu ya matumizi ya kawaida. Mpango mkuu wa usimamizi ulikubaliwa mwaka 2000.

Yafaa ieleweke kwa nini watu wa Mafia waliukaribisha mpango huo hapo mwanzo. Wavuvi wa baruti waliotoka nje ya kisiwa walikuwa wakiingia katika maji yao na kuyaharibu mbele ya macho yao, nao hawakuwa na chombo cha kuwafukuza wala afisa wa kuwasikiliza upesi. Hifadhi ilipokuja na mashua za doria, waliiona kuwa ni msaada kwa madai waliyokuwa nayo tangu zamani. Baruti ikakoma kwa sehemu kubwa katika maji ya hifadhi.

Hata hivyo haitakuwa haki kusimulia habari hii kana kwamba yote yalikwenda salama. Mgeni mwenye baruti alipokwisha kufukuzwa, kanuni zilimgeukia mwenyeji mwenye wavu. Nyavu za kukokota na zenye matundu madogo zilikatazwa, na wavuvi wakatakiwa kuzibadilisha. Kisiwa cha Jibondo, ambacho watu wake hawana ardhi nzuri ya kilimo na huishi kwa bahari tu, kilikataa kushirikiana na hifadhi kwa muda mrefu. Wazee wake walidai kwamba walichokubaliana nacho hapo mwanzo kilikuwa kufukuzwa kwa baruti, na sasa wanakatazwa riziki yao wenyewe, hali watalii na wenye hoteli wanaongezeka. Wataalamu walijibu kwamba wavu wa kukokota huharibu majani ya bahari na kuzoa samaki wachanga. Kila upande ulikuwa na hoja. Kilichokosekana ni mkutano wa pili wenye uzito kama ule wa kwanza. Mtu aliyeshauriwa mwaka 1991 hakukubali kwamba ushauri ule ulikuwa ruhusa ya kila kanuni itakayofuata.

Kadhalika, wanawake walisahauliwa katika mashauri mengi ya namna hii. Neno "mvuvi" likitajwa, watu huwaza mwanamume katika ngalawa. Lakini maji yanapokupwa, wanaotembea juu ya mwamba wakitafuta pweza na kome aghalabu ni wanawake, na mwamba ulio karibu na ufuo ukifungwa, hao ndio wanaopungukiwa kwanza. Mpango usiowauliza huvunjwa na watu ambao mlinzi hana moyo wa kuwakamata, wala hapaswi kujivunia kuwakamata.

Turudi Kenya, ambako mambo mawili yanasaidia kulipima jambo hili. La kwanza ni Diani na Chale, kusini ya Mombasa. Mwaka 1995 eneo hilo lilitangazwa kuwa eneo la akiba la bahari. Wavuvi walipinga kwa nguvu. Waliona hoteli zimekwisha kuchukua ufuo, na wakahofu kwamba akiba ya leo itakuwa hifadhi ya kesho, ambamo hawataruhusiwa kutia hata mshipi. Maofisa walishindwa kuanza kazi, na kwa miaka mingi eneo hilo likabaki jina katika gazeti rasmi.

La pili ni Kuruwitu, katika Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Hapo hapakuwa na amri kutoka juu. Mwaka 2003 wenyeji walioona samaki wamekwisha waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakafunga eneo dogo la bahari, lipatalo hekta 30. Wako wenzao waliopinga, kwa maana mtu mwenye njaa hapendi kuambiwa asubiri. Lakini mabishano yalikuwa baina ya majirani, si baina ya raia na serikali. Samaki wakarudi, na vijiji vingine vya pwani vikaiga. Mwaka 2007 Kenya ikatunga kanuni za kamati za usimamizi wa fuo, na juhudi za namna hii zikapata msingi wa kisheria. Maeneo hayo huitwa tengefu, yaani yaliyotengwa. Na aliyeyatenga ni mwenyeji mwenyewe. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa tuseme pia juu ya mipaka ya ushirikiano wenyewe, maana askari hapendi kuambiwa habari nusu. Mpango wa Tanga ulifikia mwisho wake mwaka 2007, na hata kabla ya hapo doria zilikuwa zimelegea. Baruti ikarudi. Wanavijiji walikuwa bado wanajua ni nani anayelipua, lakini mtu asiye na silaha hamwendei usiku mtu mwenye mlipuko. Mwaka 2015 wachunguzi walisafiri katika pwani ya Tanzania wakiwa na vyombo vya kunasa sauti chini ya maji. Katika muda wa mwezi mmoja hivi walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilikuwa katika maji yaliyo karibu na Dar es Salaam.

Tuitafakari hesabu hiyo. Dar es Salaam ndipo yalipokuwa maji yaliyotangazwa hifadhi tangu 1975. Ndipo palipokuwa makao makuu ya polisi wakati huo, na kituo cha wanamaji kiko ng'ambo tu, Kigamboni. Kama ukaribu wa bunduki ungetosha kulinda bahari, pasingekuwa na mahali salama kuliko hapo.

Tanzania haikukata tamaa. Mwaka huo wa 2015 kiliundwa kikosi cha pamoja, kilichowaunganisha polisi na idara za uvuvi, wanyamapori, misitu na madini. Kikosi hicho hakikungoja baharini tu. Kilifuata nyayo za baruti nchi kavu, kuanzia kwa wanaoiuza kinyume cha sheria mpaka kwa wanaonunua samaki waliolipuliwa. Katika miaka iliyofuata milipuko ilipungua mno. Kazi hiyo ilikuwa ya upelelezi, na upelelezi hutegemea mtu wa kawaida anayekubali kusema alichokiona.

Ndugu wasikilizaji, tukiyaweka hayo yote pamoja, jambo moja hujitokeza. Mstari wa mpaka majini hauonekani. Hauna ukuta wala seng'enge, na boya likikatwa kamba huchukuliwa na mkondo. Mstari huo hukaa katika vichwa vya watu wanaopita hapo kila siku, na hukaa kama walishiriki kuuchora. Mahali waliposhiriki, kama Tanga na Kuruwitu, askari alikuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Mahali walipopuuzwa, kama Diani, hata tangazo halali halikuweza kuanza. Na mahali waliposhirikishwa mara moja tu, kama Jibondo, heshima waliyokuwa nayo kwa mlinzi ilipungua kadiri kanuni zilivyoongezeka bila wao.

Sisi tunayo Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, pamoja na Kyoga, Albert, Edward na George. Kanuni za mwaka 2003 ziliweka kamati za fuo, ambamo wenye mashua, mabaharia, wachuuzi na wanawake wa samaki walikuwa na viti vyao. Katika baadhi ya fuo kamati hizo zilifanya kazi njema, na katika nyingine zililaumiwa kwa rushwa, na mwaka 2015 zikasimamishwa. Miaka miwili baadaye wakaja askari. Sifa zilisikika, kwamba mbuta wakubwa wanaonekana tena. Na malalamiko yalisikika, hata bungeni, ya watu waliopigwa na mashua zilizochomwa. Hatusemi haya ili kumvunja moyo askari aliyekesha ziwani katika mvua. Twasema kwa sababu askari huyo hatakaa ziwani milele, na siku atakapoitwa kwenye kazi nyingine, ziwa litabaki na mvuvi.

Kwa hiyo afisa anayepelekwa kulinda ufuo na afike kwanza kwa wazee wa ufuo huo. Aulize samaki wanazaa wapi na mwezi gani. Aulize ni wavu gani wenyeji wenyewe wanauona kuwa haramu, na ni upi unaokatazwa na sheria bila wao kuelewa sababu. Akamatapo, akamate kwa sheria, aandike, apeleke mahakamani. Maana wavu uliochomwa bila maelezo huwafanya majirani kumi wafunge midomo, na midomo hiyo ndiyo ushahidi wa kesho. Akiondoka, aache nyuma kamati iliyo safi kuliko ile aliyoikuta.

Mwaka 1915 waliopigania maji ya Mafia hawakumuuliza mvuvi kitu. Mwaka 1991 aliulizwa, na tangu hapo, pamoja na matata yote, baruti imepata taabu kuingia katika maji yake.